Ghuba Moja kwa Maji Yote? Neno kwa Wahakiki Wenzangu

1.0 Utangulizi

Makala haya ni ya ubishi, na ni vyema msomaji alijue hilo tangu mwanzo. Hayakuandikwa kumtukuza mtu wala kumvunjia mtu heshima. Yameandikwa kwa sababu kuna kosa ambalo limekaa miongoni mwetu kwa muda mrefu hata likavaa joho la taaluma. Kosa lenyewe ni hili: kila maji ya bahari yanapoingia katika nchi kavu, sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, wahariri wa diwani za shule na walimu wa vyuo vikuu tumezoea kuyaita ghuba, kisha tukaendelea na safari kana kwamba tumekwisha kueleza jambo. Hori ni ghuba. Mlango ni ghuba nyembamba. Wangwa ni ghuba iliyokauka. Mto, pale msanii wa pwani anapokusudia mkono wa bahari, hupewa tanbihi isemayo kuwa ni mto, na mwanafunzi akaachwa akitafuta chanzo chake milimani.

Nina madai matatu. La kwanza ni kwamba maneno haya si visawe. Kila moja lina umbo lake, kina chake na saa zake. La pili ni kwamba kutoyatofautisha kumeuharibu usomaji wetu wa mashairi, tendi na riwaya, wala si jambo dogo la msamiati linaloweza kuachiwa watunga kamusi. La tatu ni kwamba ule udhuru tunaouzoea, kuwa sisi ni watu wa bara na bahari haituhusu, hauna mashiko. Dai hili la tatu nalitoa nikiwa mtu wa bara mwenyewe, mzaliwa wa Kasikeu, na kwa hiyo sitaweza kushutumiwa kuwa napigania urithi wa nyumbani kwetu.

2.0 Hori ya Kasikeu

Kasikeu iko Makueni, katika Ukambani, jirani na mji wa Sultan Hamud. Kutoka huko hadi Mombasa ni karibu kilomita 400. Maji tuliyoyajua utotoni ni maji ya msimu. Mito mingi hujaa kwa siku chache baada ya mvua, kisha ikawa mchanga mtupu, na anayetaka maji hana budi kuyachimba chini ya mchanga huo. Tulikuwa na silanga, ambamo maji ya mvua hukusanywa, na tulikuwa na kĩthima, ambacho ni ndugu wa damu wa kisima cha Kiswahili. Bahari tuliisikia redioni na katika nyimbo za kanisani.

Neno hori, hata hivyo, tulilijua vizuri. Tulilijua kutokana na Injili ya Luka, sura ya pili, na kila Krismasi tuliliona kwa macho: sanduku la mbao lililojazwa nyasi, na ndani yake mtoto wa kuchezea. Hori ilikuwa chombo cha kulishia ng'ombe. Hapakuwa na hori nyingine.

Tulipokuwa shule ya sekondari tulisoma shairi moja ambamo nahodha, baada ya kusumbuliwa na pepo, anakiingiza chombo chake katika hori. Tanbihi ya mhariri ilisema kwamba hori ni chombo cha kulishia mifugo. Mwalimu wetu, mtu mwema na mwenye bidii, aliisoma tanbihi, akafikiri, kisha akatueleza kwamba hapo mshairi ametumia kejeli. Chombo kilichoizoea bahari kuu, alisema, sasa kimedhalilishwa na kufungiwa mahali pa kulia ng'ombe. Tuliyaandika maelezo hayo katika madaftari, tukayarudia katika mtihani, na tukapewa alama zote.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilisimama kwa mara ya kwanza juu ya daraja la Kilifi nikatazama chini. Nje, kwenye mwamba, mawimbi yalikuwa yakivunjika kwa povu jeupe. Ndani, baina ya kingo mbili za mawe ya matumbawe, maji yalikuwa yametulia, na vyombo vilikuwa vimetia nanga kama ng'ombe waliorudi zizini. Nilimwuliza mzee mmoja mahali pale paitwaje. Alinitazama kwa huruma, akasema ni hori. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba lile shairi halikuwa na kejeli hata chembe. Lilikuwa shairi la shukrani. Nahodha alikuwa ameokoka.

Simlaumu mwalimu wangu. Alifanya yale ambayo mhakiki hufanya: alichukua maana aliyopewa akaijengea fasiri yenye mantiki. Ninayemlaumu ni yule aliyeketi mjini na kamusi mbele yake, akaiona fasili ya kwanza na kuinakili, na hakujiuliza ng'ombe wanatafuta nini ndani ya shairi la baharini. Ninawalaumu pia waliotahini na kutunuku alama. Kizazi kizima cha wanafunzi kilifundishwa kuisoma shukrani kama dhihaka, na hakuna aliyewaomba radhi.

3.0 Maji na majina yake

Tuyatazame sasa maneno yenyewe. Fasili zilizozoeleka hutuambia kwamba ghuba ni sehemu ya bahari iliyoingia katika nchi kavu, na kwamba hori ni sehemu ya bahari iliyoingia katika nchi kavu, labda ndogo kidogo. Fasili hizo si za uongo. Ni kweli isiyosaidia, kama kumwambia mgeni kwamba jiko na msikiti vyote ni majengo.

Ghuba ni maji yaliyokumbatiwa kwa mkono uliokunjuka. Mdomo wake ni mpana. Ungwana, katika pwani ya kaskazini ya Kenya, ni ghuba. Chwaka, huko Unguja, ni ghuba. Mtu akiwa katikati ya ghuba bado yumo baharini, na upepo humpata. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na wasafiri wa Bahari ya Hindi wanalikuta hadi leo katika majina ya mahali kama Ghubbat al-Hashish kule Oman.

Hori ni tofauti. Hori ni nyembamba na ndefu. Huingia ndani, hupinda, na mara nyingi aliye ndani yake haioni tena bahari alikotoka. Kilifi, Mtwapa na Mida ni za jinsi hiyo. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na Waswahili walioko Ghuba ya Uajemi hulikuta kila siku katika jina la Khor Dubai, mkono ule wa bahari ambao mji wa kale wa Dubai ulijengwa kando yake. Wanaisimu watatuambia kwamba hori ya maji, hori ya ng'ombe na hori iliyo chombo kidogo cha kupigia makasia, tunachokijua zaidi kwa jina la kihori, ni homonimi tu, na kwamba kila moja lina historia yake. Sina ugomvi nao. Lakini mshairi haandiki kwa etimolojia. Huandika kwa sikio. Anayesikia maneno matatu yenye sauti moja, na yote matatu yakiwa ni vitu virefu vyenye uwazi ndani vinavyobeba uhai, hawezi kulaumiwa akiyachezesha pamoja. Mhakiki asiyejua kwamba kuna hori tatu hatauona mchezo huo kamwe.

Mto, katika midomo ya watu wengi wa pwani, si lazima uwe na maji matamu. Mkono wa bahari unaoingia ndani huitwa mto pia. Mlango ni njia: nafasi katika mwamba ambamo chombo hupita, au maji membamba baina ya nchi mbili. Mkanda, kule Lamu, ni jina la njia nyembamba ya maji baina ya kisiwa cha Manda na bara, na ni nani asiyeuona mshipi uliofungwa kiunoni mwa nchi?

Kilindi ni maji ya kina kirefu. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi huandika katika insha zao kuhusu bandari ya Kilindini, na ni wachache mno walioambiwa kwamba jina hilo ni kilindi na kiambishi cha mahali, yaani pale penye maji marefu. Jina lenyewe linaeleza kwa nini meli kubwa za karne ya 20 ziliiacha Bandari ya Kale upande wa pili wa kisiwa. Liko, ambalo kwa Kiunguja ni diko, ni mahali pa kushukia au kuegesha vyombo. Likoni, ambako maelfu huvuka kila siku kwa kivuko, ni huko huko kwenye liko. Hata neno pwani, ambalo tunalitumia kana kwamba ni kipande cha ramani, limejengwa juu ya kitenzi pwa: ni mahali ambapo maji hupwa. Pwani haiwi pwani bila maji kuondoka.

Nimeliacha wangwa la mwisho kwa makusudi. Wangwa, wingi wake nyangwa, ni ile nchi tambarare ya chumvi ambayo bahari huifunika wakati wa bamvua, kisha huiacha wazi siku nyingi, ikipasuka juani nyuma ya mikoko. Si bahari wala si bara. Sasa tulikuze neno hili kama tunavyoukuza wembe ukawa jembe. Wangwa uliokuzwa ni jangwa. Neno ambalo magazeti yamelitumia miaka nenda miaka rudi kuieleza nchi yetu ya Ukambani wakati wa kiangazi ni neno lililozaliwa ufukoni. Waliolifinyanga waliitazama nchi kavu isiyo na mwisho wakakumbuka mahali ambapo maji yameondoka. Tofauti ni kwamba pale wangwani maji hurudi. Ningetamani kumwona mhakiki mmoja tu, katika makala mengi yaliyoandikwa kuhusu ukame katika fasihi yetu, akiitumia nasaba hiyo. Sijamwona.

4.0 Uhakiki usio na kina

Pengine msomaji atasema: yote haya ni somo la jografia, uhakiki uko wapi? Uko hapa. Kwa kuwa maji yote kwetu ni ghuba, na ghuba ni bahari, tumeishia kuwa na fasiri moja tu ya maji yote: bahari ni ishara ya matatizo ya dunia. Fungua tasnifu yoyote ya uzamili inayohusu taswira katika ushairi wa Kiswahili, utaikuta sentensi hiyo au binamu yake. Sikatai kwamba ina asili tukufu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliifananisha dunia na bahari yenye machafuko, na hakuna aliyemzidi. Lakini hoja ya Sayyid Abdalla ilihusu bahari ya nje. Kuichukua fasiri yake na kuibandika juu ya kila hori, mlango na liko ni sawa na kusema kwamba kwa kuwa msitu una simba, basi na bustani ina simba.

Maji yaliyohifadhika ni kinyume cha bahari kuu, na ndiyo maana yana majina yake. Mahali pa kutia nanga pana uzito wa nyumba. Si bure kwamba Dar es Salaam, mji ambao Sultani Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860 kando ya maji yake yaliyofunikwa vizuri na nchi, hufasiriwa na wengi kuwa Bandari ya Salama. Wanaojua Kiarabu hutusahihisha kwamba dar ni nyumba, wala si bandari. Wana haki. Lakini kosa la wengi lina hekima ndani yake, kwa kuwa kwa baharia nyumba na bandari ni jambo moja.

Hata hivyo, tusikimbilie kuweka fasiri moja mahali pa nyingine. Nikisema kwamba hori ni ishara ya salama na kuishia hapo, nitakuwa nimefanya kosa lile lile kwa jina jipya. Kwani maji haya yana saa zake. Hori inayokupokea maji yakijaa hukufunga maji yakipwa. Katika kisiwa cha Pate, njia ya maji ya kwenda Siyu hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Anayechelewa hukaa matopeni hadi bahari imhurumie. Hifadhi hiyo ni hifadhi na ni kifungo pia, na kinachoamua ni saa.

Historia yetu inalijua jambo hili vizuri kuliko uhakiki wetu. Mnamo 1812 au 1813 hivi, majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishuka Shela, katika kisiwa cha Lamu, wakidhani kwamba watu wa Lamu watashindwa upesi. Walishindwa wao. Masimulizi yanaeleza kwamba walipokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekaa mchangani: maji yalikuwa yamepwa. Waliuawa ufukoni, mbele ya vyombo ambavyo saa chache kabla vilikuwa vikielea. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, aliishi katika zama hizo za vita baina ya miji ya pwani. Mtu anayeyasoma mashairi ya kipindi hicho bila kujua kwamba ufuo ni mahali panapoweza kubadilika kutoka njia ya wokovu kuwa kaburi katika muda wa saa sita, anasoma nini?

Tunu ya maneno haya kwa mhakiki ni hiyo. Yanatupa taswira ambazo zina wakati ndani yake. Mapenzi, ukarimu wa mwenyeji, ulinzi wa mtawala, hata usalama wa ndoa, vyote vinaweza kusawiriwa kama hori, na papo hapo msanii akatudokezea kwamba maji yatapwa. Tukishasema "ghuba, yaani bahari, yaani matatizo", tumeifunga milango yote hiyo kwa mkono mmoja.

Vivyo hivyo katika riwaya. Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, inahusu wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wa 1948. Tumeihakiki kwa wingi kwa nadharia ya tabaka, na ilistahili kuhakikiwa hivyo. Lakini bandari yenyewe tumeichukulia kama jukwaa tu la maigizo, ilhali ni mahali ambapo maji yanayohifadhi meli ya mwenye mali hayamhifadhi anayeipakua. Kinaya hicho hakihitaji nadharia mpya. Kinahitaji mhakiki ajue bandari ni nini.

5.0 Hoja za wapinzani

Nimezisikia hoja tatu dhidi ya msimamo huu, katika semina na katika korido. Nazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni ya huruma: wanafunzi wa bara watalemewa. Kwa nini mtoto wa Makueni asumbuliwe na majina saba ya maji ambayo huenda asiyaone maishani? Huruma hii ni ya bandia. Mtoto huyo huyo tunamkaririsha kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na tunamtahini maana yake, bila kumwambia kwamba tezi na omo ni ncha mbili za chombo na ngama ni ndani yake kule chini. Mzigo tumekwisha kumtwika. Tulichomnyima ni mpini wa kuubebea. Isitoshe, mtoto aliyekulia mahali pa ukame huyajua maji kuliko wengi. Anajua tofauti ya maji ya silanga na maji ya mchangani. Anajua mto ambao una maji usioyaona. Mweleze kwamba hori hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama mto wa kwao unavyojaa na kukauka kwa mwaka, atakuelewa kabla hujamaliza.

Hoja ya pili ni ya kiburi, na hutoka upande wa pili: Kiswahili kina wenyewe, na maneno ya bahari hayawezi kueleweka ila na aliyezaliwa akisikia mawimbi. Ninaiheshimu pwani kwa dhati, na ninakiri kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Lakini kujua kwanza si kumiliki peke yako. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya shule. Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alifika kwa Kivoi huko Kitui mwaka 1849 kwa njia ambazo Wakamba walikuwa wakizipita. Na mji ulio jirani na Kasikeu kwetu unaitwa kwa jina la Hamud bin Muhammed, Sultani wa Zanzibar tangu 1896 hadi 1902, katika miaka ile ile ambayo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Jina la sultani wa visiwa limekaa katikati ya nyika zaidi ya karne moja na hakuna aliyelifukuza. Itakuwaje hori lishindwe?

Zaidi ya hayo, walezi wakubwa wa msamiati huu hawakuufungia kabatini. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo ili maneno ya uundaji wa jahazi yasipotee pamoja na waundaji wake. Haji Gora Haji wa Tumbatu, mvuvi na baharia kabla hajawa malenga mashuhuri, alituachia diwani ya Kimbunga mwaka 1994. Mtu hatungi utenzi wa kuhifadhi maneno akitarajia kwamba usomwe na majirani zake tu, ambao tayari wanayajua.

Hoja ya tatu ni ya wataalamu wa istilahi. Wanasema kwamba lugha ya sayansi inahitaji neno moja kwa dhana moja, kwa hiyo ni heri ghuba ibaki, na mengine yaachwe kama lahaja. Hoja hii ina historia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 maneno mengi ya Kimvita na Kiamu yamevaa lebo ya lahaja kama vazi la mfungwa. Sipingi usanifishaji, mimi ni zao lake. Ninachopinga ni mantiki iliyogeuzwa. Ikiwa sayansi inataka neno moja kwa dhana moja, basi dhana saba zinahitaji maneno saba, na maneno hayo tunayo. Badala yake tunayafuta, kisha wanafunzi wa jografia wanapouliza mkono mwembamba wa bahari uitweje, kamati hukaa kubuni kirai cha maneno manne. Ndani ya mji wa Mombasa kuna maji ambayo bado yanaitwa Port Reitz, kwa jina la luteni wa Kiingereza aliyekufa mwaka 1824, miezi michache tu baada ya kufika. Luteni huyo amepewa makao ya kudumu katika ramani yetu. Liko na wangwa wanaombewa kibali.

6.0 Nini kifanyike

Ubishi usiopendekeza kitu ni kelele. Napendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa idara za Kiswahili zilizopo.

Kwanza, wahariri wa diwani waache tanbihi za neno moja. Tanbihi ya hori iseme umbo lake, iseme kwamba maji yake hujaa na kupwa, na itaje mahali halisi ambapo msomaji anaweza kwenda kuliona. Mistari miwili inatosha.

Pili, watahini wasimtunuku wala kumwadhibu mwanafunzi kwa fasiri iliyosimama juu ya tanbihi mbovu kabla ya kuirekebisha tanbihi yenyewe.

Tatu, kila mwanafunzi wa uzamili anayeandika juu ya ushairi wa pwani akae huko kwa muda wa bamvua moja na maji mafu mamoja, yaani wiki mbili hivi. Tunawapeleka wanafunzi maktaba za ng'ambo. Nauli ya basi kwenda Kilifi haitatufilisi.

Nne, na hili ndilo nililipendalo zaidi, wanafunzi wa bara waandike majina ya maji ya kwao kwa uangalifu ule ule. Neno kĩthima lina haki ya kuketi karibu na kisima katika darasa la fasihi linganishi. Anayeyajua maji yake kwa majina hatayadharau maji ya mwenziwe.

Katika haya yote nakiri jambo moja. Maneno niliyoyaeleza hayatumiki kwa namna moja kila mahali. Kinachoitwa mto katika mji mmoja huweza kuitwa hori katika mji wa pili, na mzee wa Kilifi hana mamlaka juu ya mzee wa Siyu. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya darasa na kutoa mipaka ya maneno haya kwa uhakika mkubwa, na mwanafunzi kutoka Lamu, kwa adabu nyingi, akanionyesha kwamba nilikuwa nimeifanya kaida ya mji mmoja kuwa sheria ya pwani nzima. Nilimshukuru. Lakini tofauti hizo za miji ni sababu ya kuuliza zaidi, wala si kibali cha kurudi kwenye ghuba moja.

7.0 Hitimisho

Kuna watakaosema kwamba nimelikuza jambo. Nawaomba wakumbuke Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya katika Ghuba ya Manda. Watu wale walilazimika kueleza mbele ya sheria walichokuwa nacho na walichopoteza. Anayedai maji lazima aweze kuyataja. Mtu ambaye lugha yake rasmi ina neno moja tu kwa maji yote, atasimamaje mahakamani aseme kwamba alichonyang'anywa si bahari, bali ni mlango aliopitia, mikoko iliyokuwa kando ya wangwa, na mahali pa kuegesha mtumbwi wake?

Karibu na hapo kuna mfano mwingine. Kwa miongo mingi tuta la Makupa, linalokiunganisha kisiwa cha Mombasa na bara, liliyazuia maji yasipite kutoka upande mmoja hadi wa pili, na maji yasiyopita huoza. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja mahali pa tuta, ili bahari ijae na kupwa tena kama zamani. Nawaachia wahakiki wenzangu taswira hiyo bila tanbihi. Tumeweka tuta kati ya wasomaji wa bara na maji ya fasihi yao, na tuta hilo tumelijenga kwa neno moja. Wakati wa kulibomoa umefika, nasi tulioko bara ndio wa kwanza kushika sururu, kwa sababu upande wetu ndiko maji yasikofika.